Mia Tano za Shangazi: siku sita Nairobi

Jumapili, 14 Septemba 2025

Treni ya saa mbili asubuhi iling'oka Miritini kwa wakati wake, nami ndani na mkoba mtupu, orodha ya vitambaa vya wateja na agizo la Shangazi. Orodha ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, na kila baada ya miezi mitatu hivi hupanda Nairobi kununua majora Eastleigh. Hata ukitia nauli, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, bado yanatoka nafuu kuliko huku kwetu. Agizo la Shangazi lilikuwa jambo jingine. Alinifuata mpaka kwenye tuktuk, akauingiza mkono ndani, akanishika kifundo: "Mwanangu, ukipata nafasi nitazamie ile kesi ya mia tano. Nataka kujua kama ni kweli, au ni maneno tuliyojitungia wenyewe."

Yanibidi nieleze. Shangazi ana miaka sabini na kitu. Mwaka 1980 alikuwa akiuza mahamri na mbaazi alfajiri, si mbali na barabara ya Kilindini, saa zile mabaa yanafunga na watu wa bandarini wanaamka. Ndio mwaka serikali yetu ilipokubaliana na Marekani kwamba manowari zao zitumie bandari ya Mombasa. Meli ikitia nanga, mabaharia walimwagika mjini na dola zao, na kila mtu alikuwa na chake cha kuwauzia. Agosti ya mwaka huo baharia mmoja wa miaka 19 alimuua mwanamke aitwaye Monica Njeri. Shangazi hakumjua, wala hajawahi kudai kwamba alimjua. Anachokumbuka ni wasichana wa baa waliokuja asubuhi ile, wakanunua mahamri kama kawaida yao, wakayashika mikononi mpaka yakapoa, kisha wakaondoka wameyaacha kwenye benchi.

Ikaja hukumu, ikasemwa baharia kalipa shilingi mia tano akaenda zake, na tangu hapo nyumbani kwetu "mia tano" ikawa msemo. Mtoto akivunja sahani ya wageni asichapwe, Shangazi husema: "Huyo kalipa mia tano." Diwani akila pesa za soko akahamishiwa kamati nyingine: mia tano. Nimekua nikiusema hivyo hivyo, na nilikuwa mtu mzima na watoto wangu nilipokuja kuuliza ulikotoka.

Baada ya Voi nilizungumza na jirani yangu kitini, bwana wa makamo aliyekuwa akirudi kutoka harusini. Akasema yeye ni mtu wa Nanyuki.

"Kwa Majoni?" nikamwuliza. Ndivyo wanavyowaita askari wa Uingereza.

Akacheka. "Siku hizi kila mtu akisikia Nanyuki anauliza hao. Zamani watu walikuwa wanauliza mlima."

Ana lori, na riziki yake kubwa ni kubebea mizigo watu wenye tenda za kambi. Waingereza wamekuwa wakifanya mazoezi huko tangu 1964. Vijana wao huja kwa makundi, wakakaa majuma kadhaa porini, wakaondoka wakaja wengine. "Hao wakienda, mimi gari langu litabeba nini? Mawe?" Lakini hapo hapo, bila kupumua, akanieleza habari ya moto wa Lolldaiga. Machi 2021, wakati wa mazoezi, moto uliwaka katika hifadhi hiyo ukala maelfu ya ekari, na moshi ukawashukia watu wa vijiji vya chini, mama yake akiwemo. Walienda mahakamani. Mwaka huu Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa walalamikaji 7,723. Nilitoa simu nikagawanya: kila mmoja, kama wangegawana sawasawa, ni kama pauni 375.

"Wanatuletea pesa na wanatuletea shida," akasema, "na vyote vinakuja kwa lori moja." Kisha akafungua kopo la karanga za harusi tukala mpaka Emali. Tembo hawakuonekana leo.

Jumatatu, 15 Septemba

Binamu yangu anakaa Umoja, ile ya Eastlands. Asubuhi nilipanda matatu kwenda mjini, na nilipokuwa nimebanwa kati ya gunia la mtu na kiwiko cha mtu, nikakumbuka kwamba iko Umoja nyingine. Iko Samburu, karibu na Archer's Post. Ni kijiji kilichoanzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wenzake, kijiji cha wanawake ambamo wanaume hawaishi. Miongoni mwa waliokianzisha ni wanawake waliosema walibakwa na askari wa Uingereza waliokuwa mazoezini, na waume zao walipopata habari wakawafukuza. Hebu litazame jambo hilo. Askari amekwenda zake, amepanda ndege, na wa kwanza kuadhibiwa ni aliyetendewa, tena na mtu wa nyumbani kwake. Mwaka 2003 mamia ya wanawake wa kaskazini walijitokeza na madai ya aina hiyo. Polisi wa kijeshi wa Uingereza wakachunguza miaka, na hakuna askari hata mmoja aliyeshtakiwa.

"Mathe, Umoja ndio tumetoka, unashuka wapi?" makanga akanigutusha. Nilikuwa nimempa nauli huku nikisema "Umoja."

Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, jengo la zamani la benki, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Mbele yake watu husimama kusubiriana, maana ukimwambia mtu wa Nairobi "tukutane Akaivu" hapotei. Wengi wao, nadhani, hawajawahi kuingia ndani. Mimi mwenyewe ndiyo mara yangu ya kwanza. Mkoba unauacha, unajaza karatasi, unakaa, unangoja. Niliyemwagiza akarudi na magazeti ya 1980 yaliyojalidiwa pamoja, mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili, kingo zake zikimomonyoka vijivipande vya rangi ya chai. Ukifunua haraka unapasua. Nilifunua kama ninavyofungua mshono wa hariri, kwa ncha za vidole.

Bei za unga, mashindano ya mpira, matangazo ya redio za kaseti. Halafu nikaipata.

Shtaka lilikuwa la mauaji. Kijana akakiri kosa dogo zaidi, kuua bila kukusudia. Jaji, mtu mwenye asili ya Uingereza aliyekuwa bado katika mahakama zetu miaka 17 baada ya uhuru, akamwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Nikalisoma lile neno la Kiingereza, "bond", mara tatu. Meza ya pili alikaa kijana mmoja na vitabu vya sheria, nikamsogezea ukurasa.

"Samahani kaka. Hapa maana yake alilipa mia tano?"

Akasoma, akapitisha kidole. "Hapana, mama. Hii si faini. Alitia sahihi tu. Angezilipa kama angevunja masharti."

"Na akiondoka nchini?"

Akanitazama, akainua mabega.

Kwa hiyo miaka 45 Shangazi amekuwa akiikasirikia bei ambayo haikulipwa. Nilikaa na hilo hapo mezani kitambo. Nchi ilighadhabika wakati ule, hilo si la kubahatisha. Magazeti yalipiga kelele, wabunge walipiga kelele, hata nje ya nchi iliandikwa. Ila mwaka 1983 mwanamke mwingine, Lucy Kabura, aliuawa Mombasa hiyo hiyo, baharia mwingine wa Marekani akashtakiwa, na huyo mahakama ikamwachilia kabisa. Hilo nyumbani kwetu halina hata msemo. Sijui kwa nini la kwanza liliganda ulimini na la pili likapita. Pengine mia tano ni kitu unachoweza kukishika mkononi, na kuachiliwa hakuna umbo.

Nikatoa nakala ya ukurasa, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye kitabu cha vipimo.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya zipu, vifungo na uzi. Biashara Street, maduka matatu, miguu inauma. Saa saba nikaingia kibandani upande wa Muthurwa, chapati na madondo, benchi moja la watu wanane. Redio ilikuwa juu ya rafu, karibu na chumvi. Ikasema Mahakama Kuu hapa Nairobi imetoa hati ya kukamatwa raia wa Uingereza, aliyekuwa mwanajeshi, ashtakiwe kwa mauaji ya Agnes Wanjiru.

Kijiko changu kilisimama njiani.

Kwa asiyejua, au aliyejua akasahau: Agnes Wanjiru alikuwa na miaka 21 na mtoto mchanga wa miezi mitano. Usiku wa mwisho wa Machi 2012 alionekana na askari wa Uingereza katika hoteli moja Nanyuki. Hakurudi. Miezi zaidi ya miwili baadaye mwili wake ukapatikana katika tangi la maji taka la hoteli hiyo. Mwaka 2019 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo, Njeri Thuku, akasema aliuawa, na kwamba waliomuua ni askari wa Uingereza, mmoja au wawili. Oktoba 2021 gazeti moja la Uingereza likaandika kwamba habari ile ilikuwa ikijulikana miongoni mwa askari wenzao, na baada ya hapo ndipo faili likafufuliwa. Leo Jaji Alexander Muteti ametia mkono wake. Miaka 13 na nusu. (Naongeza haya Novemba: mtu huyo amekamatwa Uingereza na kufikishwa mahakama ya Westminster, kuanza safari ndefu ya kisheria ya kujua kama ataletwa huku. Anakana.)

Turudi kibandani. Redio haijamaliza, mwanamume mmoja wa mwisho wa benchi, koti la kazi, mikono ya grisi, akasema lile ambalo nilikuwa nalingoja lisemwe: "Lakini pia, msichana wa mtoto mchanga, alikuwa anatafuta nini hotelini usiku?"

Hakuna aliyemjibu mara moja. Kijana mmoja akasema hao Waingereza waende kwao. Mwingine akasema wakienda, Nanyuki itakufa njaa. Hapo mama wa kibanda, ambaye alikuwa amenipa mgongo akigeuza chapati, akasema bila kugeuka:

"Wewe Jumamosi saa nane usiku ulikuwa wapi? Mke wako alikuja kuniuliza hapa asubuhi."

Benchi lote likalipuka kwa kicheko. Hata yeye akacheka, akajifuta mdomo. "Mathe, hayo ni mambo mengine."

"Ni usiku huo huo," akasema yule mama, akampakulia madondo. "Wewe ulirudi."

Nilicheka pamoja nao, halafu nikaona aibu, maana swali la mtu wa grisi nilishaliuliza mimi. Mwaka 2021, habari zilipovuma, nilikuwa nimekaa na Shangazi tunachambua mchicha. Nikasema, kwa sauti ile ya mtu anayedhani anasema jambo la busara: "Lakini na yeye, mtoto kamwacha na nani?" Shangazi hakusema kitu. Akamaliza fungu lake, akachukua na langu, akaenda zake jikoni, na siku mbili hakula nami sahani moja. Sikuelewa. Nilidhani ni sukari imempanda.

Sasa naona kwamba kila kesi ya namna hii ina kesi ndogo inayotangulia, ile inayosikilizwa benchini, na mshtakiwa wake ni aliyekufa. Monica alisikilizwa hivyo. Agnes alisikilizwa hivyo. Nguo, saa, baa, pombe, nani alimlea mtoto. Mwenye kosa huja baadaye sana, akija. Ripoti ya jeshi la Uingereza lenyewe, iliyotoka Agosti mwaka huu, imekiri kwamba baadhi ya askari wao hapa bado wananunua wanawake, ingawa ilipigwa marufuku mwaka 2022. Nilidhani hilo lingebadilisha swali la benchini. Wapi.

Waliosukuma gurudumu hili miaka yote hii ni ndugu zake Agnes, wenye nyumba ya kawaida na nauli ya kukopa, mpwa wake akisema mbele ya kila kipaza sauti kilichoelekezwa kwake. Sisi wengine tulipanda na kushuka njiani kama abiria.

Jioni nilimpigia Shangazi kumwambia habari ya hati. Alikwishasikia. "Na ile yangu?" akauliza. Nikasema bado natafuta. Sikuwahi kumdanganya Shangazi kwa jambo dogo hivyo.

Jumatano, 17 Septemba

Eastleigh. Matope ya jana usiku, mikokoteni, vijana wa "ingia dada, kuangalia ni bure". Nina mwuza vitambaa wangu wa miaka tisa. Wateja wote humwita Abti, yaani mjomba kwa Kisomali, nami namwita hivyo. Anakukalisha, anakutilia shaa ya maziwa iliyokolea iliki, kisha ndio mnaanza kugombania bei.

Runinga ndogo ya dukani ilikuwa ikirudia habari za jana. Abti akanyooshea kidole kwa mita yake ya mbao. "Miaka kumi na tatu. Sisi Beledweyne tulingoja kidogo tu."

Alikuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1993, huko Somalia, nyumba yao haiko mbali na kambi ya wanajeshi wa Kanada waliokuja na shehena za chakula wakati wa njaa. Machi 16 walimkamata Shidane Arone, mvulana wa miaka 16, ndani ya kambi. Wakampiga na kumtesa usiku kucha mpaka akafa. Walipiga picha. Hilo ndilo Abti analirudia: picha, askari akitabasamu kando ya mtoto anayetoka damu. Picha zilipofika kwao, Kanada ikatikisika. Askari mmoja alifungwa miaka mitano, serikali ikaunda tume, na mwaka 1995 kikosi kizima kile cha miavuli kikavunjwa.

"Fikiria," akasema. "Waliona haya mpaka wakavunja jeshi lao wenyewe." Halafu akaongeza, kwa haki: "Tume waliifunga kabla haijamaliza. Lakini haya waliona."

Akatandaza jora la chifoni ya bluu mezani, tukaanza kuvuta, mita moja, mbili, tatu. Alipofika ya saba akasimama na mita mkononi.

"Na sisi Wakenya je?" Akalitia lile "sisi" uzito kidogo, ana kitambulisho kama mimi. "Jeshi letu liko Somalia tangu 2011. Gedo, watu wanasema ndege zimepiga, wamekufa raia, wamekufa ngamia. Hata wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika. Jeshi likakana. Sawa, pengine ni uongo. Uliza basi. Umewahi kusikia kibanda kizima kimenyamaza kwa sababu ya hiyo habari?"

Sikuwahi. Nilitafuta la kusema, nikakuta ninalo moja tu, tena la aibu: kwamba wao ni wanajeshi wetu. Ndilo neno hasa ambalo mtu fulani katika mji fulani wa Uingereza analisema kuhusu yule aliyetolewa hati jana. Wetu. Kijana mzuri, alicheza mpira na mwanangu.

"Ya saba," nikasema. "Tuendelee, Abti."

Tulipofika kwenye bei nilianza kumwomba anipunguzie mia tano, neno likanikwama kooni. Nikaomba mia nne. Akadhani nimekuwa mtu mwema.

Jumla: chifoni mita 12, deera za jumla, dantel nyeupe ya bibi harusi wa Likoni, bitana. Mzigo mzito.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikuwa na kazi mjini, ila mtoto wa binamu yangu, mwanafunzi wa chuo, alitaka kunitembeza. Tukaenda Uhuru Park. Pale Freedom Corner kuna mnara wa waliopigania uhuru, uliozinduliwa Septemba 2015, Uingereza ikichangia kuujenga kama sehemu ya mapatano ya 2013, ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya makambini enzi za ukoloni. Zaidi ya nusu karne baadaye, na kwa wale waliokuwa bado hai.

Sanamu yenyewe ni mpiganaji wa Mau Mau anayepokea chakula kutoka kwa mwanamke. Hawatazamani. Kila mmoja amegeuzia uso upande wake, ili yeyote atakayekamatwa na kuteswa asiweze kumtaja mwenzake. Nilizunguka mara mbili kuona kama kuna pembe ambayo macho yao yanakutana. Haipo. Kikapu kimeshikwa na mikono inayojuana na nyuso zisizojuana.

Kijana alikuwa na yake. Mwaka jana, Juni 25, siku ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, alikuwa barabarani. Bado ana kovu mguuni. Akanionyesha kwenye simu picha ya Okinawa, Japani, 1995. Askari watatu wa Marekani walimbaka msichana wa miaka 12, na Oktoba watu 85,000 wakakusanyika katika mkutano mmoja. Askari wakahukumiwa na mahakama ya Japani, wakafungwa huko.

"Elfu themanini na tano, shangazi. Kwa mtoto mmoja." Mimi kwake ni shangazi, uzee unakuja hivyo. "Sisi kwa ushuru tulijaza hii mji. Kwa Wanjiru tulijaza Twitter."

"Mlikuwa hamjazaliwa," nikamtetea.

"2012 nilikuwa na miaka saba."

Tukanunua mahindi ya kuchoma. Yalikuwa magumu.

Ijumaa, 19 Septemba

Treni ya asubuhi tena, mzigo mkubwa, mabega yamekufa. Nililala kutoka Athi River mpaka Mtito Andei, na kutoka Mtito Andei mpaka Mombasa nilitunga namna ya kumwambia. Nilikuwa na njia nne. Moja ilikuwa kusema sikuipata.

Shangazi alikuwa uani, chai motoni, samli inanukia. Hakunipa hata pole ya safari. "Haya."

Nikatoa kitabu cha vipimo, nikaikunjua ile karatasi, nikamwekea mapajani. Kiingereza hasomi, lakini tarakimu anazijua vizuri kuliko mimi; miaka thelathini ya biashara ya mahamri. Kidole chake kikatembea juu ya mistari mpaka kikaikuta 500, kikasimama.

"Ni kweli."

"Ni kweli, Shangazi."

"Jina lake wameliandika?"

Nikamwonyesha. Akaliangalia muda, Monica Njeri, herufi kwa herufi, kama mtu anayeangalia picha. Kisha akarudi kwenye tarakimu, midomo ikichezacheza. Nikajua anapiga hesabu.

"Chumba changu Majengo mwaka ule kilikuwa mia na ishirini kwa mwezi," akasema. "Mia tano ni miezi minne, na chenji ya kununua mkaa." Akanyamaza. "Alizilipa pale pale, au walimpa muda?"

Zile njia zangu nne zote zikanitoka.

"Hakulipa, Shangazi. Haikuwa faini. Alitia sahihi tu."

Chai ilikuwa imeanza kupanda. Shangazi aliikunja karatasi, kunjo zile zile nne, akaifungia kwenye pindo la leso.

"Sahihi," akasema. Akalirudia tena polepole, kama anayeonja chumvi: "Sahihi." Akainuka kwenda kuepua.